Kona ya Chini ya Nyumba ya Mzee Anaeli

Wajukuu zangu, na ninyi mafundi mnaoanza kushika mwiko: kila Desemba, watoto wa huku mlimani wanaporudi kutoka Dar, Mwanza na Dodoma, hakosi mmoja wa kuja kunitafuta kibarazani kwangu. Ananiamkia, anapokea chai, anazunguka na habari za mvua na kahawa, halafu anatoa simu na kunionyesha picha. Kuta zimesimama, paa hakuna, mgomba umeota mahali pa sebule.

"Babu, baba ametuachia hii. Tuuze au tumalizie?"

Zamani nilikuwa na jibu kabla chai haijapoa. Nimefanya uashi zaidi ya miaka arobaini, kuanzia Machame mpaka Mkuu kule Rombo, na mtu akikaa muda huo wote kwenye kazi moja huanza kujiona nabii. Siku hizi namuuliza tu, "Msingi alichimba nani?" Anacheka, anadhani uzee umenipanda kichwani. Basi kaeni niwaeleze kwa nini nauliza hivyo.

Kazi nilifundishwa na Mzee Anaeli, hapa hapa juu ya Kwa Sadala. Alikuwa mwembamba, mkimya, Mlutheri wa kukaa benchi la nyuma, na mikono yake ilikuwa kama ya mtu mwingine mkubwa zaidi. Miezi miwili ya kwanza hakunipa mwiko. Alinipa nyundo ndogo na lundo la mawe, akasema, "Gonga, sikiliza." Jiwe zima hulia ngii, kama kengele ya kanisa la kijiji cha pili. Jiwe lenye ufa ndani husema pu. Zuri huku, baya kule. Nilifikiri ananionea, kumbe ananipa masikio. Asubuhi za Julai, ukungu ukishuka kutoka msituni na kufunika migomba mpaka huoni mkono wako mwenyewe, nilikuwa nagonga yale mawe na sauti inakwenda, inakwenda, inapotea ndani ya weupe, na mimi sijui kama niko macho au naota. Mpaka leo jiwe zuri likilia napatwa na usingizi mtamu.

Siwasemi vibaya ninyi wa sasa. Mna mashine inayopiga mstari mwekundu ukutani na nyumba nzima inakaa sawa. Sisi tulipima usawa kwa mpira mwembamba uliojaa maji, mmoja kashika ncha huku, mwingine kule, na mbuzi akiukanyaga katikati, sebule inapanda na jiko linashuka. Lakini nimeona pia fundi mwenye simu mbili na hana timazi hata moja ya kupimia ukuta. Huyo mwogopeni.

Tukiwa Mkuu, tunamjengea mwalimu mmoja, niliziba kwa mawe uwazi uliokuwa chini ya ngazi za mbele. Kazi safi, nikajipongeza. Mchana mke wa mwalimu akawa anaita kuku wake, na ukuta ukamjibu. Kweli kabisa: ko ko ko, kutoka ndani ya mawe. Watu walikuja kusikiliza. Mzee Anaeli hakunigombeza. Alinipa tindo na nyundo akasema, "Mfungulie mama mlango." Nilibomoa ukuta wangu mbele ya watu, kuku akatoka amekasirika, ameacha mayai tisa. Baadaye, tunanawa mikono, akaniambia, "Kabla hujaziba tundu, piga magoti uangalie ndani." Basi. Hakulitaja tena maisha yake yote.

Nawaambia hilo la kuku ili mjue alikuwa mtu wa namna gani. Mtu wa namna hiyo nilikuwa sina sababu ya kumdanganya.

Yeye aliyewajengea walimu na wachungaji alikuwa anaishi kwenye kibanda cha mbao. Kihamba cha ukoo, shamba la migomba la urithi, kilikwenda kwa mdogo wake wa mwisho, kama desturi yetu ilivyo. Mzee akajinunulia kipande chake kwenye mteremko, mahali ambapo siku isiyo na ukungu unaiona tambarare yote ya chini mpaka upande wa Kahe, inakozama kwenye joto kama kitu kilichosahauliwa. Alitaka pale nyumba ya mawe kwa ajili ya mke wake na binti yao wa pekee, Aikaeli. Vyumba vinne, sebule, jiko, baraza. Ramani aliichora kwa penseli kwenye daftari la shule la huyo mtoto, nyuma ya hesabu za kujumlisha.

Siku ya kuchimba msingi, malaria ikamlaza. Akaniita kitandani.

"Ndelilio, anza na kona ya chini. Usiache kuchimba mpaka nondo igome."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake. Unachukua kipande cha nondo, unakisimamisha chini ya shimo, unakipiga kwa nyundo. Kikiendelea kuingia, unaendelea kuchimba. Kikigoma na kukurukia mikononi, umefika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ilikuwa siku ya soko Kwa Sadala, na msichana anayeitwa Ndeshi alikuwa ameniambia atakuwa upande wa wauza maharage saa tisa. Kona ile ilikuwa na udongo mweusi, laini. Kumbe zamani palipita mfongo, mfereji wa wazee wa kumwagilia migomba, ukafukiwa na watu wakausahau. Nilichimba mpaka kiunoni, nikapiga nondo. Ikaingia kama kijiko kwenye mtori wa ndizi. Nikachimba tena, ikaingia tena. Jua linasogea. Nikatazama juu, nikatazama chini, nikatupa mawe makubwa shimoni, nikashindilia, nikafunika kwa udongo mgumu, nikanawa miguu, nikaenda sokoni.

Jioni nilipita kumwona Mzee.

"Umefika kwenye ardhi ngumu?"

"Nimefika."

Alinitazama kwa macho ya homa, akaitikia kwa kichwa. Kesho yake mimi na wenzangu tukamwaga zege.

Nyumba ya fundi hujengwa siku ambazo watu wengine hawajengi. Mwaka huu kozi tatu za mawe, mwaka ujao kozi mbili. Mimi nilishaanza kazi zangu mwenyewe, nilishamwoa Ndeshi, Mzee alikula kwenye harusi yetu na kutuombea. Kuta zikafika kwenye linta, juu ya madirisha, zikasimama hapo. Mwaka, miwili, mitano. Tukimuuliza, "Mzee, unapaua lini?" anajibu, "Iacheni ipumzike." Watu walicheka: fundi wa wote, yeye analala kwenye mbao. Mke wake akafariki bila kuingia. Na yeye mwenyewe alipofariki tulimtoa kibandani. Nilishika jeneza upande wa kushoto, tukapita mbele ya kuta zile, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Miaka mitatu iliyopita Aikaeli akanipigia simu. Yeye ni mshonaji, amepanga Majengo, Moshi mjini, chumba cha mbele kina cherehani na cha nyuma kina kitanda. Watoto wake wameshaondoka, mume alikwishatangulia. Mwenye nyumba alikuwa amempa mpaka mwezi wa sita wa mwaka uliofuata awe amehama. Wakati huohuo akajitokeza mfanyabiashara mmoja anayetaka kile kiwanja cha baba yake ajenge nyumba ya kulaza wageni wanaopanda mlima.

"Hataki kuta, baba mdogo. Anataka kuangalia tambarare. Kuta atazivunja. Nikimuuzia, napata kanyumba kadogo kaliko tayari huku chini, naingia na cherehani yangu, basi. Lakini nikiwaza kuuza, mkono unakuwa mzito."

"Unataka nikusaidie nini, mwanangu?"

"Njoo uiangalie. Halafu usiniambie kama ndugu. Niambie kama fundi. Niuze au nimalizie?"

Tulikutana pale asubuhi. Sijui kama mmewahi kuingia kwenye nyumba ambayo haijawahi kukaliwa na mtu. Haina harufu ya moshi wala ya watu. Sebuleni palikuwa na mparachichi mrefu kuliko kuta. Bila shaka mmoja wetu alitupa kokwa pale siku ya kula mchana, tukiwa vijana. Ukungu ulikuwa unaingia dirisha moja na kutokea lingine, taratibu, kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilipita chumba hadi chumba nikigonga mawe, nayo yakanijibu ngii, ngii, yote mazima, na kwa muda nikasahau nina umri gani. Nilisikia kabisa sauti za wenzangu wakipandisha chokaa. Nilisikia Mzee akikohoa upande wa pili wa ukuta.

Halafu nikafika kona ya chini.

Ufa ulikuwa umeanza juu, unaingiza kidole, ukashuka ukikonda mpaka kwenye jamvi la sakafu. Na juu ya ufa, kwa ndani, kulikuwa na vipande vya kioo. Vijana, jifunzeni hili: fundi akiwa na shaka na ufa, hubandika kipande chembamba cha kioo kwa saruji, nusu upande huu wa ufa, nusu upande ule. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinapasuka, nawe unajua. Vilikuwa saba, vimepangana kutoka juu kwenda chini, na pembeni mwa kila kimoja mwaka umekwaruzwa kwenye saruji kwa msumari. Mwandiko niliujua. Nikaona mpasuko kwenye cha kwanza, cha pili, cha tatu. Sikuangalia zaidi.

Alijua. Miaka yote ile alikuja kwangu, alikula kwangu, alibariki watoto wangu, na akirudi alikuwa anakwenda kuangalia kioo kilichopasuka juu ya uongo wangu.

Aikaeli alikuwa nje anafyeka majani. Akaniita, "Vipi, baba mdogo?"

Nikatoka. Nikasema, "Uza, mwanangu. Ukuta umechoka."

Alisimama na panga mkononi. Halafu akanyoosha panga kuelekea chumba cha mashariki. "Kile nilikuwa nimeshakichagua," akasema. "Cherehani dirishani, nione mtu akija." Akafuta panga kwenye majani. "Sawa. Ijumaa nakwenda kuandikishana na yule bwana. Asante, baba mdogo. Nilihitaji mtu wa kunikatia shauri."

Nataka mwelewe vizuri nilichokifanya. Siku ya kwanza nilidanganya kwa sababu ya msichana. Siku hiyo, mzee mwenye wajukuu, nilidanganya kwa sababu ya jina langu. Kuta zikivunjwa, kona inakuwa kifusi, na kifusi hakina fundi.

Kesho yake, Jumatano, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Baada ya chakula nikajilaza, bati linavuma juu yangu, nikaota. Nyumba ile ilikuwa imeisha. Haikuwa na watu, lakini ilikuwa na joto, kama mtu ameondoka sasa hivi. Nje, Mzee Anaeli alikuwa ameinama anapanga mawe kwenye kona. Nikasema, "Mzee, ngoja nikusaidie." Akanipa ncha ya kamba ya kujengea. "Shika hapo." Nikashika. Yeye akaondoka na ncha nyingine, akaingia kwenye ukungu, simwoni tena, na kamba inaendelea kutoka mkononi mwangu, inatoka, inatoka. Halafu ikakaza. Nikahisi anaivuta kidogo kidogo, kama fundi anavyofanya kuuliza kama uko tayari. Nikafungua mdomo nijibu, nikaamka.

Ndeshi alikuwa mlangoni anachambua maharage. Mke wangu huyo nimekaa naye miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na jambo lile sikuwahi kumwambia. Nilimwambia lote.

Aliendelea kuchambua. "Kwa hiyo siku ile uliponiambia mmemaliza kazi mapema..."

"Ndiyo."

"Nami nilifika saa kumi," akasema. "Ulikuwa unaningoja pale kwenye maharage, umenuna. Ungechimba tu." Akaweka ungo chini. "Kesho ni Alhamisi. Nenda mjini."

Asubuhi nikakata jani la sale kwenye mpaka wa shamba letu. Wale waliokulia mjini huenda hawajui: masale ni yale majani marefu tunayopanda kwenye mipaka, na kwa wazee wetu mtu aliyekukosea akija na jani hilo mkononi, hukatai. Unasamehe, hata kama moyo unawaka. Nikalifunga kwenye gazeti nikashuka nalo Moshi.

Aikaeli alikuwa anashona majoho ya kwaya. Akasimama. "Shikamoo, baba mdogo. Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Nimekuja kukuambia kama fundi."

Nikamwambia. Mfongo, nondo, soko, homa ya baba yake, "nimefika". Nikamwambia na vioo. Nikamwambia na ile "uza" niliyomwambia Jumanne nilivyoisema nikijua kosa ni langu. Alinisikiliza mguu ukiwa bado juu ya pedeli ya cherehani. Nilipofungua gazeti na kutoa jani, akanyanyua kiganja.

"Hapana. Usiniletee sale, baba mdogo. Ukiniletea hilo inabidi nikusamehe, na mimi sijaanza hata kukasirika."

Nikalirudisha kwenye gazeti.

"Mama alikufa anaisubiri," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila Jumapili tukitoka kanisani alikuwa anapita pale anafagia. Anafagia vyumba visivyo na paa. Wewe ulikuwa unatuona."

"Nilikuwa nawaona."

"Nenda nyumbani. Nenda salama, lakini nenda."

Ijumaa ikafika, ikapita. Nilikaa kibarazani kwangu nikitazama barabara inayopanda, nikisubiri kusikia magari ya kubeba kifusi. Nilipalilia migomba ambayo haikuhitaji kupaliliwa. Siku ya kumi simu ikalia.

"Ijumaa sikwenda," Aikaeli akasema, bila salamu. "Nimemwambia yule bwana angoje. Nataka unionyeshe hiyo kona kwa kidole chako. Na lile jani uje nalo, likiwa bichi."

Nilimkuta kiwanjani ameshafika. Sikuingia ndani kwanza. Nilisimama nje, nikamwonyesha kwa kidole palipokuwa na shimo, nikamwonyesha nilipofikia, kiunoni, nikamwonyesha palipopita mfongo. Kisha nikampa jani. Alilipokea kwa mikono miwili, akalichomeka kwenye mkunjo wa kanga yake. Tukaingia kuangalia vioo.

Macho ya mshonaji si kama macho yetu. Mimi nilikuwa nimeona mipasuko mitatu na kukimbia. Yeye alianza juu, akashuka kimoja kimoja, anafuta vumbi kwa ncha ya kanga kama anatafuta uzi uliolegea. Cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Akapiga magoti mbele ya cha saba.

"Baba mdogo, mbona hiki ni kizima?"

Nikapiga magoti pembeni yake. Nilitumia kucha, nilitumia miwani. Kilikuwa kizima. Mwaka uliokwaruzwa pale ulikuwa wa miaka miwili kabla ya kifo chake, na tangu kifo chake mvua zilikuwa zimenyesha mara nyingi.

"Maana yake nini?"

"Maana yake kona imesimama," nikasema. "Imemaliza kuzama. Alikuwa anaisubiri, ndiyo maana alisema ipumzike. Ilipotulia, yeye nguvu zilikuwa zimekwisha."

"Sasa kwa nini hakutuambia? Angemwambia hata mama tu, asimwache anafagia bure."

"Sijui, mwanangu."

Alikaa chini kabisa, kwenye majani, mgongo kwenye ukuta. Maji ya mfereji yalikuwa yanasikika chini kwenye migomba ya jirani. "Mimi najua," akasema mwishowe. "Asingeweza kusema bila kukutaja. Na ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kupata kazi za watu."

Ukungu ulikuja ukatukalia wote wawili, na hapakuwa na aliyeinuka mpaka ulipoondoka.

Mimi bado ni fundi, na fundi haamini kioo peke yake. Nikamwambia akitaka kumalizia, lazima tuchimbe chini ya kona mpaka pale nilipotakiwa kufika. Sikilizeni hapa mnaojifunza, maana hili limewaua watu: msingi wa ukuta uliosimama hauchimbwi wote mara moja. Unachimba kipande cha urefu wa mkono, unajaza zege, unangoja ishike siku zake, ndipo unagusa kipande kingine, nacho kiwe mbali na cha kwanza. Ukiwa na haraka, ukuta unakulalia. Vijana wawili niliowafundisha mimi walichimba. Kwenye shimo la kwanza, walipofika kiunoni, nikawaambia watoke. Wakanibishia kwa sababu ya mgongo wangu. Nikashuka.

Udongo mweusi, baridi, unanuka majani ya zamani. Nilichimba kwa sepetu fupi, napumzika, nachimba. Nilikutana na mawe yangu mwenyewe, yale niliyoyatupa, yamekaa humo kama mayai. Nikayatoa moja moja. Chini yake udongo ukabadilika, ukawa mwekundu, mkavu, unang'ata chuma. Nikapiga nondo, ikanirukia mikononi mpaka kwenye bega. Nikamwita Aikaeli aliyekuwa juu.

"Shuka upige mwenyewe. Usinisikilize mimi."

Akakunja sketi, akashuka kwa ngazi, mshonaji wa miaka hamsini na kitu, akachukua nyundo akapiga. Mara tatu. Akanitazama, uso una matope mpaka kwenye nyusi.

"Inagoma."

"Basi tupande. Vijana, leteni zege."

Yule mfanyabiashara alikuja mara moja zaidi, akatukuta katikati ya kazi. Alikuwa mtu mwungwana. Alisimama kwenye baraza isiyo na sakafu, akatazama tambarare muda mrefu, akasema, "Dada, ningekuwa wewe na mimi nisingeuza," akaenda zake.

Tulimalizia kidogo kidogo, kwa fedha ya cherehani yake na kwa mikono yangu bila malipo. Tulikata mparachichi, na Aikaeli aliuomboleza kama mpangaji mwenye haki zaidi yake. Nilimshauri nawe nakushauri: usingoje nyumba iishe ndipo uingie. Haijawahi kuisha nyumba duniani. Paua, weka mlango mmoja na madirisha ya chumba kimoja, piga plasta hicho kimoja, ingia. Vingine utavimaliza ukiwa ndani, unajua jua linapita wapi na upepo unatoka wapi. Kenchi za paa zilipokaa, nililazimisha tungoje masika moja ipite kabla ya kupiga plasta kona ya chini. Haikusogea.

Siwaambii wote mmalizie. Kuna ndugu watatu wa Kahe niliwaambia wauze, maana maji yalikuwa yanaingia kila mwaka na wenyewe walikuwa hawasalimiani, na walifanya vizuri kuuza. Ninachowaomba ni kimoja. Kabla hujauliza bei, mtafute aliyejenga, au aliyemsaidia aliyejenga, umkalishe chini, umpe chai, na umwachie nafasi ya kusema. Wengi wetu bado tupo. Wengi wetu tuna kona.

Aikaeli alihamia mwezi wa sita. Wiki ya pili nikaenda kumtazama, saa tatu asubuhi, nina mkungu wa ndizi kutoka kwa Ndeshi. Mlango umefungwa. Dirisha la mashariki lina pazia, na cherehani ipo pale pale alipoisema. Nikagonga kidogo, kimya. Nikachungulia.

Alikuwa amelala. Mwanamke ambaye tangu ujana wake anaamka kabla ya adhana ya mtaani kwao, awahi kukata vitambaa kabla wateja hawajaja, amelala saa tatu, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia kitandani.

Nikaweka ndizi chini, nikakaa kwenye ngazi. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka kwenye migomba, mweupe, hauna haraka. Nilikaa hapo sijui muda gani. Nafikiri na mimi nilisinzia. Mlango ukafunguka nyuma yangu. Aikaeli kajifunga kanga, uso umevimba usingizi, ameona haya.

"Shikamoo, baba mdogo. Jamani, saa ngapi? Mbona hukuniamsha?"

"Marahaba," nikamwambia. "Rudi ukalale."